Bi Povu na Mizizi Michafu

Mtaa mzima ulimwita Bi Povu, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, maana lilitoka kazini kwake. Alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, kamba za kuanikia zilizokatiza chini ya dari kwa ajili ya siku za mvua, na rafu ya mbao ambamo nguo za wateja zilikaa zimekunjwa pembe kwa pembe. Ungempelekea shati lililomwagikiwa oili ya gari, akalishika kwa vidole viwili, akalitazama kama hakimu anavyomtazama mwizi aliyerudi kwa mara ya tatu, kisha akakwambia, "Njoo keshokutwa." Keshokutwa ungelikuta jeupe kuliko siku uliyolinunua. Kwa hiyo tuelewane mapema: mwanamke huyu hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Hakuweza kuona kitu akakiacha kilivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo umpe samaki amtunze, halafu utegemee nini?

Samaki mwenyewe alikaa kwenye tangi la kioo juu ya kabati fupi, mkabala na meza ya pasi. Alikuwa mmoja tu, wa rangi ya dhahabu iliyopauka, mnene, na mdomo wake ulifunguka na kufungika kutwa nzima bila neno lolote kutoka. Kwa sababu ya mdomo huo aliitwa Mwenyekiti. Aliyempa jina ni binti wa Bi Povu, mtoto wake wa pekee, ambaye alimfuga samaki huyo tangu akiwa shuleni. Alipopata kazi kwenye kiwanda cha mikate, katika mji wa mbali, binti alibeba godoro, nguo na sufuria zake, akamwacha Mwenyekiti, kwa kuwa tangi la maji halisafiri kwa basi. "Mama, naomba uniangalizie," alisema. Mama akajibu kwamba hilo ni jambo dogo.

Mwezi haujaisha, Bi Povu akamfuata huko bila taarifa, mfuko wa sabuni mkononi. Binti alikuwa kazini. Mwenye nyumba, kwa kumheshimu mama mtu, akamfungulia chumba. Jioni binti aliporudi, unga mwili mzima, alikuta mashuka yamelowekwa, mapazia yameshushwa, kitanda kimehamishiwa ukuta wa pili, picha alizobandika zimebanduliwa ili ukuta upigwe brashi, na sweta lake alilolipenda limefuliwa kwa maji ya moto hadi limekuwa la mtoto wa chekechea. Bi Povu alisimama katikati ya chumba akitabasamu, akingoja kushukuriwa. Binti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia.

"Hata huku, mama?" aliuliza. "Hata huku?"

Tangu hapo hakukanyaga nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, lakini hawakusema umkunje mpaka avunjike. Binti hakununa wala hakutukana. Adabu zake zilikuwa palepale. Kila Jumapili mchana alipiga simu. "Shikamoo mama. Mwenyekiti hajambo? Anakula? Maji yakoje? Haya mama, nisalimie baba." Simu ikakatika.

"Umesikia hiyo?" Bi Povu alimwambia mumewe kila Jumapili, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. "Nimembeba tumboni, nimemlea, leo ananiuliza hali ya samaki! Mgongo wangu haumhusu. Miguu yangu inayovimba haimhusu. Samaki! Yule anayekunya kutwa kwenye maji anayokunywa!"

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mrefu, mpole, ambaye miaka mingi ya kulala chini ya masinki ya watu ilimfundisha kutoharakisha jambo. "Si angalau anapiga, mama," alijibu.

Na hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Bi Povu alijua, ingawa hakuwahi kulitamka, kwamba simu ile ilimfuata Mwenyekiti, haikumfuata yeye. Siku samaki akifa, binti atapiga kwa sababu gani? Aliiogopa Jumapili isiyo na simu kuliko alivyoogopa doa la kutu kwenye suti nyeupe. Kwa hiyo akaapa kwamba samaki yule hatafia mikononi mwake, akaanza kumtunza kwa njia pekee aliyoijua, yaani kumfanyia usafi.

Alimhamishia kwenye beseni, akamwaga maji yote ya tangi, akasugua kioo, akatoa kokoto zote za chini, akazipiga brashi ya kola moja moja na kuzisuuza mpaka zikalia mkononi. Akajaza maji mapya moja kwa moja kutoka bombani, akamrudisha Mwenyekiti. Baada ya siku chache maji yakafanya ukungu kama maji ya wanga. Akasafisha tena. Ukungu ukarudi mapema zaidi. Akasafisha tena, safari hii kwa hasira, huku akizigombeza kokoto. Na kadiri alivyosafisha ndivyo Mwenyekiti alivyozidi kunyong'onyea. Akawa anakaa chini, kwenye pembe, mapezi yamebana mwilini, hata mdomo unafunguka kwa shida. Hebu fikiria uchungu wa mtu ambaye usafi ndio kazi yake, anasafisha, na kitu kinazidi kuchafuka mbele ya macho yake.

"Nisikilize wewe," alimwambia Mwenyekiti asubuhi moja, kidole kwenye kioo. "Ukithubutu kufa, nitakukaanga."

Aliyeingia na dawa alikuwa jirani yao, mwanamke aliyeuza miche na maua ya vyungu pale kona, na ambaye aproni zake zenye udongo zilimpa Bi Povu kazi kila wiki. Alikuja kuzichukua, akainama kwenye tangi, akaguna.

"Unamuua, shoga."

"Mimi? Mimi ninayemsafishia kila leo?"

"Ndicho kinachomuua. Huo utelezi unaousugua kwenye kokoto una vijidudu vinavyomsaidia. Na maji ya bomba yana dawa ya kuviua, wewe unammiminia hivyohivyo. Halafu uchafu wa samaki ni mbolea. Mimi ningekuwa na maji hayo ningenyweshea miche yangu. Tia mmea humo, uule huo uchafu."

"Mmea gani unaokaa majini?"

"Si wa majini. Huu wa kawaida wa ndani ya nyumba, ule unaotambaa, wenye majani ya mabaka ya njano, watu wanauweka kwenye chupa juu ya kabati. Majani yanabaki nje. Mizizi tu ndiyo inaingia kwenye maji."

"Yaani nichukue mizizi iliyotoka kwenye udongo, niiingize kwenye maji, ili maji yawe masafi."

"Ndiyo."

"Shoga, leo jua limekupiga."

Lakini Jumapili ilikuwa inakaribia, akakubali shingo upande. Jirani alimletea mmea uliostawi, akaung'oa kwenye chungu chake palepale mlangoni. Kisha akafanya kosa. Alisema, "Osha mizizi vizuri, udongo wote utoke," akaenda zake.

Jamani, dobi unamwambia aoshe vizuri?

Bi Povu aliosha mizizi kwa maji. Udongo ulitoka, lakini mizizi ilibaki ya kahawia, na kahawia kwake ni doa. Akailoweka kwenye sabuni ya unga. Akaifikicha taratibu kwa ncha za vidole, jinsi anavyofikicha lesi. Haikukubali. Akatia kifuniko kimoja cha dawa ya madoa, ile anayoiweka kwenye sare za wauguzi, na hapo mizizi ikaanza kusalimu amri. Akasuuza. Na kwa kuwa kitu cheupe kisipopata buluu ya kufulia hubaki na umanjano, akaichovya kwenye maji ya buluu. Alipomaliza, mizizi ilikuwa myeupe kama uzi wa kushonea. Akaiingiza tangini kwa fahari, akarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yake.

Povu lilianza polepole, pembeni, juu ya maji. Mara Mwenyekiti akapanda ghafla, akapigapiga mkia, akalala ubavu, mdomo nje ya maji.

Fundi bomba ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwa chakula cha mchana. Hakuuliza kitu. Alivuta ndoo ya maji aliyoyateka tangu jana yake akasahau kuyaoga, akamzoa samaki kwa viganja viwili, akamtumbukiza humo. Kisha akanusa tangi. Akanusa mizizi. Akamgeukia mkewe.

"Mama," alisema, "umemfua Mwenyekiti."

"Aliniambia nioshe vizuri!"

"Mpaka buluu?"

"Si ilikuwa na umanjano!" Bi Povu alifoka, halafu akakaa kwenye kiti cha wateja na mikono yake yenye povu mapajani. Machozi yakamtoka, ya hasira na ya woga pamoja. "Nitamwambia nini Jumapili, mzee? Niambie. Akiniuliza hajambo, nitamjibu nini?"

"Utamjibu hajambo," alisema mumewe. Alichuchumaa kando ya ndoo, akasahau chakula, akasahau na bomba la mtu lililokuwa linamsubiri. Na Mwenyekiti, kwa ukaidi wa wenyeviti wote, alikataa kuachia kiti.

Mmea wa pili uliingia kwa masharti. Fundi bomba mwenyewe alisuuza mizizi kwa maji matupu. Alikata kipande cha bomba la plastiki, akakibana kwenye ukingo wa tangi kwa vibanio vya nguo vya mkewe, akapitisha mizizi humo, majani yakabaki juu. Bi Povu alipigwa marufuku kugusa kokoto. Aliruhusiwa tu kupunguza maji kidogo kila wiki na kuongeza mengine yaliyolala kwenye ndoo mpaka dawa yake itoke.

"Na brashi?" aliuliza.

"Brashi iachie kola."

Yaliyofuata yalikuwa mateso. Mizizi ilirefuka. Ingerefuka tu, angevumilia. Lakini ilitanda, ikafanya ndevu, ikashika utelezi wa kahawia, na kioo nacho kikaota ukijani kwenye pembe. Kila Bi Povu alipoinua macho kutoka kwenye pasi, uchafu ule ulikuwa mbele yake. Mikono ilimwasha. Alipiga pasi kola ileile mara mbili, mara tatu, ili tu asipate nafasi ya kwenda kule na kitambaa. Na wateja nao hawana dogo! Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kuchukua mashati yake, akaegemea ukuta, akasema, "Ama kweli kinyozi hajinyoi. Dobi mzima, na maji ya sebuleni kwako ndiyo haya?" Akacheka peke yake. Bi Povu alimkabidhi mashati, na alipotoka tu, akakata kitambaa cheupe, akashona pazia, akalitia wanga, akalipiga pasi, akalitundika mbele ya tangi.

"Samaki ana pazia," alisema mumewe aliporudi.

"Ana haki ya faragha."

"Mmea unataka mwanga, mama."

"Na mimi nataka heshima."

Mume alilifungua pazia. Mke akalifunga. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa hivyohivyo, hakuna aliyeinua sauti, kila mmoja akijifanya hajui nani analigusa. Vita hivyo viliendelea mpaka Jumapili, simu ilipoita.

"Shikamoo mama. Mwenyekiti hajambo?"

"Marahaba. Yupo."

"Maji yakoje?"

Bi Povu alikuwa amechoka kiasi cha kusema kweli. "Maji mimi siyajui tena, mwanangu. Baba yako na huyu jirani wa miche wameniwekea mizizi humo, ina utelezi, ina ndevu, na nimekatazwa kuigusa. Katika nyumba yangu! Mwalimu mkuu amesimama hapa akanicheka. Mpaka nimemshonea samaki pazia."

Upande wa pili kikaja kicheko. Si kile cha adabu. Kilikuwa kile cha zamani, cha kukoroma puani, ambacho Bi Povu hakukisikia tangu binti ahame. "Mama, wewe? Wewe umeacha kitu kichafu? Na hilo pazia, umelitia wanga?"

"Nimelitia, ndiyo. Ulitaka lining'inie kama dekio?"

Binti akacheka mpaka akakohoa. Simu ile ilidumu kuliko zote zilizotangulia. Ilipokatika, Bi Povu alikwenda kwenye tangi, akalitoa pazia, akalikunja na kulitia kabatini.

Basi ikawa kila Jumapili ana la kusimulia, na kila alilolisimulia lilikuwa malalamiko. Mizizi imefika chini. Mizizi imeshika kokoto. Mwenyekiti anaidonoa mizizi kama mbuzi kwenye ua wa jirani, ameanza kunenepa tena. Na lililomuudhi kuliko yote ni kwamba maji yalianza kutakata. "Yenyewe!" alimwambia binti, sauti imepanda. "Bila sabuni, bila brashi, bila mtu kutoka jasho! Mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote, mikono imekwisha, halafu mzizi mchafu umening'inia tu pale, haufanyi lolote, unanishinda!" Binti alimtaka aeleze vizuri huo mzizi umekaaje, naye akaeleza.

Usidhani alikuwa amepona. Mmea ulipoona unalishwa vizuri ulitambaa ukutani, ukazunguka dirisha, ukashika kamba ya nguo, ukajiona mwenye nyumba. Siku moja jani moja likaanguka juu ya meza, kwenye shati jeupe la karani mmoja mwenye maneno mengi, na Bi Povu asilione. Alipoinua pasi, kijani chote cha jani kilikuwa kifuani mwa shati, na mishipa yake. Alilipigania doa lile siku nzima. Lilipotoka, alichukua mkasi, akakata mmea wote mpaka kwenye kibomba, na kwa kuwa alikuwa ameshafika hapo, akazamisha mkono tangini na kuichana mizizi kwa kitana.

Hakuna aliyemwambia kitu, maana maji yalisema yenyewe. Ukungu ulirudi wiki ileile, na Mwenyekiti akarudi kwenye pembe yake. Jumapili ile Bi Povu alimwambia binti kwamba wote wazima, akakata simu mapema, na sauti yake mwenyewe ikamkera. Wiki nzima alikaa na mikono imefungwa kwenye aproni, akikitazama kile kisiki kilichobaki, akikibembeleza na kukitukana. Kilipotoa jani jipya, dogo kama ukucha, alimwita mumewe kutoka bafuni aje alione. Baadaye majani yalirudi yote, mizizi ikafanya ndevu zake tena, na maji yakawa maangavu hata ungedhani samaki ameelea hewani. Bi Povu aliyaangalia, akasonya, akaendelea na pasi.

Na hapo sasa, baada ya yote hayo, Mwenyekiti akafa.

Alikufa Alhamisi asubuhi. Walimkuta ameelea katikati ya mizizi, ndani ya maji yaliyokuwa masafi kuliko wakati wowote. Jirani wa miche aliitwa, akamgeuza kwa kijiti, akasema, "Huyu kazeeka tu, shoga. Hakuna aliyemuua." Maneno hayo, badala ya kumfariji Bi Povu, yalimpandisha mori. Angekufa siku ya buluu, angeelewa! Angekufa siku ya kitana, angejilaumu akamaliza. Lakini kungoja mpaka kila kitu kimenyooka, halafu ndiyo afe! Alizunguka chumba akiigombeza meza, akiigombeza rafu, mpaka sauti ikamkauka.

"Niende dukani nimtafute anayefanana naye?" mumewe alimuuliza alipotulia.

"Nenda," alisema Bi Povu. Mume alifika mlangoni. "Usiende. Atamjua. Yule mtoto alikuwa anamjua kwa magamba."

"Basi umwambie."

"Nikimwambia ndiyo mwisho," alisema Bi Povu, polepole safari hii. "Hunielewi, mzee? Hatakuwa na cha kuniuliza. Ndiyo mwisho."

Mumewe alimshika bega, akatoka na mfuko wake wa spana.

Jumapili ilipofika, Bi Povu, ambaye siku za Jumapili hakuwahi kufanya kazi, alitandika shati jeupe la mteja mezani na kuwasha pasi, kwa sababu alitaka mikono iwe na cha kushika. Simu ikaita wakati wake uleule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwenyekiti hajambo?"

Bi Povu alilitazama tangi. "Hajambo," alisema.

"Anakula?"

"Anakula."

"Maji yakoje?"

"Masafi." Uongo ulikuwa mbele yake kama doa kifuani mwa shati, na doa hakuwahi kuweza kuliacha. "Hajambo gani! Amekufa. Amekufa Alhamisi, mwanangu. Sikumfanya kitu, naapa, sikugusa hata kokoto. Maji yalikuwa masafi, kila kitu kilikuwa sawa, akafa tu kwa uzee, kwa ujeuri wake. Nisamehe."



"Najua, mama," alisema binti. "Baba alinipigia siku ileile."

Bi Povu aligeuka. Mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, aliinua macho darini kana kwamba ameona mahali panapovuja.

"Unajua?" Bi Povu alifoka kwenye simu. "Unajua, na umeniacha niseme anakula? Sasa kama unajua amekufa, hali yake unaniulizia nini?"

"Nikuulize nini kingine, mama?" Sauti ya binti ilikuwa imeanza kuvunjika. "Nikiuliza nyumbani kukoje, utaniuliza mapazia nimeyafua lini. Nikisema nimechoka, utasema ni vumbi la chumba. Samaki ndiye peke yake tuliyeweza kumzungumzia. Tangu asubuhi nimekaa na simu mkononi, sijui nianzie wapi."

Bi Povu alifungua mdomo. Neno lililokuwa tayari ulimini, Mungu shahidi, lilikuwa ni hayohayo mapazia. Lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza, likashuka kwa shida. Akatafuta jingine, asilione, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba hakujua mtoto wake anafanya nini huko kutwa nzima, zaidi ya kuchafuka unga. Aibu ilimshika, aibu hasa, ambayo mwalimu mkuu hakuweza kumtia.

"Hiyo mikate," alisema hatimaye. "Mnaifanyaje? Nieleze tangu mwanzo."

"Kweli, mama?"

"Si nimekuuliza?"

Binti akaanza kwa kusitasita. Alieleza mashine ya kukandia, ambayo akisimama kando yake inampita kimo, na jinsi alivyoiogopa mwanzoni. Alieleza kwamba unga wa asubuhi ya baridi hauumuki kama unga wa siku ya joto, na kwamba sasa anaweza kujua kwa kuubonyeza kwa kidole. Alimweleza mzee wa tanuri anayeimba kutwa na hana sauti. Maneno yakaanza kumtoka haraka. Bi Povu alisikiliza, simu imebanwa kati ya bega na sikio, akiguna tu pale panapostahili. Mumewe ndiye aliyenusa kwanza. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la mteja, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda.

"Mama!" alipiga kelele, akainuka. "Pasi! Shati linaungua!"

Bi Povu aliliona. Alimwonyesha kwa kiganja anyamaze, akamgeuzia mgongo, akasogea dirishani ili asikie vizuri.